Maswali na Majibu: Viungo katika Bia ya Majira ya Baridi Inayotengenezwa Nyumbani

SWALI

Mzee wetu, shikamoo. Ninaishi Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, na kwa muda sasa ninatengeneza bia nyumbani kwa kimea cha shayiri na hopsi (maua yanayoitia bia uchungu) ninazoagiza kutoka nje. Nilisoma kwamba Wazungu wana bia nzito ya majira ya baridi inayotiwa viungo, nikaona kwamba baridi ya huku kwetu Kigezi inaifaa kabisa. Nilitengeneza lita 20, nikatia vijiko vitatu vya masala ya chai ya pakiti mchemko ulipoanza, nikachemsha kwa saa nzima. Bia imetoka chungu, ina vumbi chini ya chupa, povu lake halikai, baadhi ya chupa hufurika zikifunguliwa, na ladha yake inanikumbusha chumba cha daktari wa meno. Vyombo nilivisafisha kwa ile dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Nusu ya bia nimekwisha kuitia chupani, nusu bado imo katika ndoo. Nilikosea wapi? Ni viungo gani vinafaa, kwa kiasi gani na wakati gani? Na je, hii niliyo nayo inaweza kuokolewa?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuitaja ile dawa ya klorini, na nitaanzia hapo kabla ya kugusa viungo vyenyewe, kwa sababu ladha ya dawa katika bia ina vyanzo viwili ambavyo mdomoni hufanana lakini haviondolewi kwa njia moja.

Chanzo cha kwanza ni karafuu. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eujenoli, kemikali ambayo madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi kutuliza maumivu, na ndiyo maana bia iliyozidiwa na karafuu hutukumbusha chumba chao. Chanzo cha pili ni klorofenoli, ambazo huzaliwa pale klorini, iwe ya maji ya bomba au ya dawa ambayo haikusuuzwa vizuri, inapokutana na fenoli, yaani kemikali za asili zilizomo katika kimea na katika viungo. Klorofenoli huhisiwa hata zikiwa kidogo mno, na hunuka kama plasta ya kufungia jeraha. Onja bia yako polepole ukaishike mdomoni. Ukihisi utamu wenye ukali na ncha ya ulimi ikafa ganzi kidogo, hiyo ni karafuu, na dawa yake ipo. Harufu ya hospitali ikikufikia kabla ya bia kugusa ulimi, ulimi usife ganzi, na ladha hiyo ikabaki kooni baada ya kumeza, basi ni klorofenoli, na hizo haziondoki kwa kungoja wala kwa kuchuja.

Kuanzia sasa, maji ya bomba yachemshe jioni ya kuamkia siku ya kazi na uyaache yapoe, au uyatie chembe za potasiamu metabisalfiti kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Dawa ya kufulia iache kwa nguo. Dawa za kusafishia vyombo vya bia zilizotengenezwa kwa iodini au kwa asidi ya fosforasi zinafaa zaidi. Na ikiwa klorini ndiyo pekee unayoipata, suuza chombo kwa maji yaliyochemshwa, mara kwa mara, mpaka pua yako isisikie kitu.

Sasa tuje kwenye ile pakiti ya masala. Masala ya chai ni mchanganyiko uliopangwa kwa ajili ya maziwa na sukari: mafuta ya maziwa hukumbatia ukali wa tangawizi kavu na pilipili manga, na sukari huufunika uchungu wa mdalasini. Bia haina maziwa, na sukari yake nyingi imekwisha kuliwa na hamira, kisha ina uchungu wake wa hopsi na ina gesi inayoisukuma kila harufu puani. Kwa hiyo kipimo kilicho cha upole katika birika la chai huwa kikali katika bia. Zaidi ya hayo, hujui ndani ya pakiti karafuu ni kiasi gani na pilipili ni kiasi gani, wala huwezi kupunguza kimoja bila kupunguza vyote.

Unga wenyewe nao una madhara yake. Chembe zake laini hazitui zote. Zinazobaki zikielea huwa mahali pa gesi kujikusanyia, na chupa ikifunguliwa viputo huzaliwa juu ya chembe hizo vyote kwa pamoja, bia ikafurika. Mafuta ya viungo nayo hudhoofisha povu. Hata hivyo, nisingependa utosheke na maelezo hayo kabla hujaondoa uwezekano mwingine ambao ni wa hatari, yaani kwamba uliitia bia chupani kabla hamira haijamaliza kazi. Fungua chupa moja iliyopoa, itikise bia katika gilasi mpaka gesi itoke yote, kisha ipime kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha uzito wa sukari iliyomo. Kipimo kikiwa chini ya kile ulichoandika siku ya kujaza chupa, uchachu unaendelea ndani na chupa zinaweza kupasuka: ziweke kwenye kreti, uzifunike kwa gunia, uzihamishie mahali penye baridi kuliko pote nyumbani, na uwaambie watoto wasizikaribie.

Kosa kubwa zaidi, na ambalo karibu kila anayeanza hulifanya, ni kuvitia viungo mwanzoni mwa mchemko. Harufu ya viungo inakaa katika mafuta tete, na mafuta hayo huondoka pamoja na mvuke. Jiko lako lilinukia vizuri kwa saa nzima kwa sababu harufu ilikuwa inatoka katika sufuria, na kilichobaki ndani ni tanini na utomvu wa magome, vitu vichungu vinavyokausha ulimi, visivyopanda na mvuke. Kisha, kile kidogo kilichosalia kilipita katika uchachu, ambapo hewa ya ukaa inayotoka kwa siku kadhaa hubeba harufu nyingine na kuitupa nje. Mtu anayeona harufu imepungua huongeza viungo mara nyingine, na pamoja navyo huongeza uchungu.

Kwa sababu hiyo nasimama juu ya kanuni moja ambayo ningependa uishike hata ukiyasahau mengine: viungo vipimwe ndani ya bia iliyokwisha kuchacha, si ndani ya sufuria. Kile utakachokionja siku ya kujaza chupa ndicho kilicho karibu zaidi na kile utakachokinywa. Njia ya kufanya hivyo ni kutengeneza pombe ya viungo, kila kiungo katika chupa yake.

Chukua vodka ya asilimia 40, isiyo na harufu yake yenyewe. Jini (gin), hata ile ya waragi (pombe kali ya Uganda) inayouzwa na viwanda, ina manukato yake tayari, hivyo vodka ni bora. Waragi ya kienyeji usiiguse kwa kazi hii, na hapo Kabale sababu mnaijua kuliko mtu mwingine, kwa kuwa mwaka 2010 watu wengi wa wilaya yenu walipoteza maisha kwa waragi iliyokuwa na methanoli, kileo chenye sumu. Katika mililita 100 za vodka, loweka gramu 10 za mdalasini uliovunjwavunjwa. Katika chupa nyingine yenye kiasi hicho hicho, gramu 2 za karafuu nzima. Katika ya tatu, gramu 2 za kungumanga iliyokwanguliwa wakati huo huo. Mdalasini uache wiki moja, karafuu na kungumanga siku nne au tano, ukizitikisa chupa kila siku. Kisha chuja kwa kitambaa safi au karatasi ya kahawa. Pombe hiyo, pamoja na kuvuta mafuta ambayo maji peke yake hayawezi kuyavuta vizuri, huua sehemu kubwa ya vijidudu ambavyo viungo vya sokoni, vilivyoanikwa chini na kushikwa na mikono mingi, huja navyo.

Bia ikiisha kuchacha na kutulia, chota mililita 100 katika gilasi. Nunua katika duka la dawa bomba la sindano la mililita 1, utupe sindano yake, na kwa bomba hilo tia mililita 0.1 ya pombe ya mdalasini. Koroga, nusa, onja, ongeza 0.1 nyingine. Ukiridhika na, tuseme, mililita 0.2 katika gilasi hiyo, basi lita 20 ni mara 200 ya mililita 100, na utahitaji mililita 40. Kiasi hicho cha vodka huongeza kileo kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya asilimia, kwa hiyo hakikupi wasiwasi. Ila usimimine zote 40. Mimina 30 kwanza, uonje kesho yake, kwa kuwa gesi itakapoingia harufu itapanda kuliko ilivyo katika bia tuli, na kiungo kilichozidi hakitolewi. Fanya zoezi hili bia ikiwa katika ubaridi utakaoinywea. Karafuu uipime mwisho, maana ikishautia ulimi ganzi huwezi tena kuhukumu vingine, na mpe gilasi mtu wa nyumbani ambaye hajui umetia nini. Akitaja jina la kiungo kabla ya kusema kwamba bia ni nzuri, umezidisha.

Kuhusu viungo vyenyewe, mdalasini ndio wa kwanza kwa sababu unapatana na kimea cha rangi ya karameli. Yapo magome ya aina mbili sokoni. Moja ni nene, gumu, lililojikunja kwa tabaka moja; hilo ni la kasia, mti wa jamii ya mdalasini, lenye ukali mwingi na kumarini nyingi, kemikali isiyo nzuri kwa ini ikizidi. Lingine lina tabaka nyingi nyembamba zinazovunjika kwa vidole, nalo ndilo mdalasini halisi kama ule wa Sri Lanka na wa Zanzibar. Ukilipata hili la pili, lilipie bei yake. Karafuu za Unguja na Pemba zinajulikana hata kwetu huku bara. Karafuu nzuri ukiibonyeza kwa ukucha hutoa mafuta, na ukiitia majini husimama wima au huzama, wakati ile iliyokwisha kukamuliwa mafuta huelea imelala. Ukiamua kuzitia sufuriani badala ya kuzilowesha, nne au tano tu zinatosha lita 20, katika dakika tano za mwisho.

Kungumanga inunuliwe nzima, kwa maana ile ya unga hupoteza harufu katika majuma machache. Gramu moja kwa lita 20 haimdhuru mtu, lakini fahamu kwamba kungumanga ikizidi sana ni sumu, na gramu chache tu zikiliwa na mtu mmoja zinaweza kumletea kichefuchefu, moyo kwenda mbio na kuchanganyikiwa. Kwa hiyo usifuate ushauri wa mtu anayekuambia uvunje kungumanga nzima nzima katika ndoo.

Tangawizi na maganda ya chungwa ndivyo viungo pekee ambavyo mimi huvikubali katika mchemko, kwa sababu vinahitaji joto kidogo na vikiwa vibichi vina maji yanayoipooza pombe ya kulowekea. Tangawizi mbichi, mathalani ile ya Butambala, iparuze gramu 25 na uitie dakika kumi kabla ya kuzima moto. Kavu ni kali zaidi, kwa kuwa tangawizi inapokauka baadhi ya jinjeroli zake, kemikali zinazoipa ukali, hugeuka kuwa shogaoli zilizo kali zaidi, hivyo usibadilishe gramu kwa gramu. Machungwa ya Teso hubaki na ganda la kijani hata yakiwa yameiva, na hilo lisikutie shaka. Yaoshe vizuri, ukwangue ngozi ya juu peke yake mpaka upate gramu 15, na nyama nyeupe iliyo chini yake uiache, kwani ndiyo yenye uchungu. Dakika tano zinatosha.

Vanila ningeisisitiza zaidi kwa mtu anayeishi Uganda, kwa sababu watengenezaji wa Ulaya huinunua kwa bei kubwa na sisi tunaizalisha Mukono, Kasese na Bundibugyo. Maganda mawili yaliyokaushwa vizuri, meusi, yanayopindika bila kuvunjika, yapasue, ukwangue mbegu, uyakate vipande na uyaloweke katika vodka ya kuyafunika kwa wiki moja. Kisha uipime katika gilasi kama vingine. Ukipewa vanila inayonuka nyasi, imevunwa changa, na hakuna muda wa kulowesha utakaoitengeneza. Iliki na giligilani huingia pia katika bia za namna hii, lakini kwa mara yako ya pili ningekuomba usizidishe viungo vitatu: mdalasini, chungwa na vanila, au mdalasini, tangawizi na karafuu kidogo.

Bia yenyewe nayo iwe na mwili wa kubeba mzigo huo. Desturi ya Waingereza ya kunywa bia ya moto yenye kungumanga, tangawizi na sukari wakati wa Krismasi ni ya zamani sana, na katika nyakati zetu kiwanda cha Anchor cha San Francisco kilianza mwaka 1975 kutoa bia ya Krismasi ambayo mapishi yake yalibadilishwa kila mwaka. Wabelgiji nao wana zao. Bia hizo hutofautiana sana, lakini nyingi ni nyekundu iliyoiva au kahawia, zina kileo cha asilimia 6 hadi 8, na uchungu wa hopsi umewekwa chini ili usigombane na uchungu wa viungo. Kwa lita 20 jaribu kilo 5 za kimea cheupe, gramu 500 za kimea cha karameli na gramu 100 za kimea cheusi, uviloweke katika maji ya nyuzi 67, na mwisho wa mchemko utie gramu 500 za asali. Ninyi wa Kigezi asali katika pombe si jambo geni, kwa kuwa enturire hutengenezwa kwa mtama na asali. Ila usiiongeze kupita hapo, maana hamira huila karibu yote na kuiacha bia kavu na nyepesi. Utapata maji ya kimea yenye kipimo cha haidromita cha karibu 1.065.

Kuna jambo la mahali mlipo ambalo vitabu vya Ulaya havitakuambia. Kabale iko kati ya mita 1,800 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kati ya nyuzi 93 na 94, wakati Kampala huchemka karibu na 96. Hopsi hutoa uchungu wake polepole zaidi katika joto hilo dogo, kwa hiyo chemsha kwa dakika 75 hadi 90 badala ya 60, au uongeze kidogo hopsi zinazotiwa mwanzoni mwa mchemko. Kwa upande mwingine mmebarikiwa, kwa kuwa ubaridi wa nyumba zenu hurahisisha kuchachusha kwa nyuzi 18 hadi 20, jambo ambalo mtu wa Kampala hulipata kwa kuiweka ndoo katika beseni la maji na kuifunika kwa kitambaa kibichi. Tumia hamira ya Kiingereza au ya Kimarekani isiyo na makuu, na uiweke ya kutosha: pakiti mbili za gramu 11 ni salama kuliko moja. Hamira za bia ya ngano na nyingi za Kibelgiji huzalisha zenyewe fenoli yenye ladha ya karafuu, na wengi wamelaumu viungo kwa kosa ambalo lilikuwa la hamira.

Muda nao uuhesabu. Bia ya namna hii hukaa wiki mbili hadi tatu katika uchachu na utuaji, na angalau wiki sita chupani. Anayeitaka kwa Krismasi aianze mwezi wa Septemba.

Nimalizie kwa bia uliyo nayo. Iwapo umegundua kwamba tatizo ni klorofenoli, imwage. Kuichanganya na bia nzuri ni kuharibu mbili. Iwapo ni karafuu na uchungu wa magome, ile ya ndoo iokolewe namna hii: iweke mahali penye baridi ili unga utue, uihamishe taratibu kwa mpira katika chombo kingine safi bila kuirusharusha, ukiache chini kile kitope, na ukifunge chombo kikiwa kimejaa, kwa maana nafasi ya hewa juu yake itaichakaza. Papo hapo tengeneza bia mpya ya lita 20 kwa mapishi niliyokupa, bila kiungo chochote. Ikishachacha, changanya katika gilasi sehemu moja ya ile ya zamani na moja ya mpya, kisha moja kwa mbili, kisha moja kwa tatu, uchague ile ambayo viungo vinasikika nyuma ya kimea. Kwa ukali uliouelezea, nadhani utaishia kwenye moja kwa mbili. Zilizomo chupani usizifungue ili uzichanganye, kwa sababu hewa itaziharibu. Kama haidromita imekuthibitishia kwamba zimetulia, zipe miezi miwili au mitatu zikiwa zimesimama wima, uzinywe kwa kumimina polepole na kukiacha kitope chini.

Baada ya kuchanganya, usijaze chupa siku hiyo hiyo, kwa kuwa hamira ya bia mpya inaweza kupata katika ile ya zamani sukari iliyobaki. Pima kila siku; kipimo kikikaa pale pale kwa siku tatu, tia gramu 5 za sukari kwa kila lita, iliyoyeyushwa na kuchemshwa katika maji kidogo, kisha funga chupa.